Daftari la Vitu Nilivyogonga

Jumatatu, 2 Machi

Daktari wa macho amesema niandike. Kila nikigonga kitu, niandike ni nini, wapi, na upande gani. Baada ya miezi mitatu nimpelekee daftari, ajue kama matone yananisaidia au yanapita tu mashavuni. Katikati nirudi mara mbili anipime, Jumatatu ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Aprili, kwa sababu matone haya yasipofaa ana mengine.

Ugonjwa wenyewe unaitwa presha ya macho. Hauumi, na hapo ndipo hila yake ilipo. Unakula pembeni. Amenionyesha karatasi ya kipimo, duara lenye katikati peupe na pembeni peusi, upande wa kushoto kwa chini peusi tii. Akasema, "Hapa huoni, mama, wala hujui kwamba huoni." Nikamwuliza kilichopotea kitarudi lini. Akasema hakirudi. Dawa inalinda kilichobaki tu.

Mbele yangu naona vizuri. Nasoma, natunga uzi kwenye sindano, naandika haya. Kazini hakuna anayejua na hakuna atakayejua. Mimi ni mhudumu wa vyumba, ghorofa ya tatu ya hoteli, huu mwaka wa kumi na tisa. Nani atamwachia vyumba vya wageni mtu asiyeona miguuni pake?

Nimegonga: kiti cha kliniki. Kushoto.

3 Machi

Sikugonga kitu. Ghorofa ya tatu naijua kwa nyayo. Vyumba ishirini na viwili, kutoka mlangoni hadi kitandani hatua nne, meza haijawahi kuhama. Naingia, naweka mkono wa kushoto ukutani, nazunguka chumba chote mpaka narudi mlangoni. Ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza, na vijana wanacheka kwamba ni mtindo wa kizamani. Wacheke. Mkono unafanya kazi ya jicho.

Nyumbani ndiyo kabisa, sigongi. Binti yangu hahamishi hata kijiko.

Jumatatu, 9 Machi

Mvua zimeanza na wageni wamekwenda zao. Msimamizi alituita stoo ya shuka. Huyu tunamwita Bi Kidole, kwa sababu haamini kwamba chumba ni safi mpaka apitishe kidole juu ya fremu za picha na kukitazama. Alisimama na fundi mwenye tableti, na sakafuni palikuwa na kitu cha duara, cheusi, kimo chake hakizidi kiganja. Roboti ya kufagia. Fundi akabonyeza, ikaondoka yenyewe ikaingia chini ya rafu, ikageuka, ikarudi.

"Itajifunza ghorofa yenu," fundi alisema. "Siku chache tu itakuwa na ramani nzima kichwani. Mkihamisha kiti itapotea kidogo, halafu itajifunza tena."

Watu wakacheka. Mimi niliisikia ikinijia, nisiione, kisha ikachomoza upande wa kulia wa kiatu changu. Ilikuwa imenizunguka.

Bi Kidole akasema wataijaribu msimu wote wa mvua. Mwezi wa sita wageni wakirudi, ghorofa ya tatu itakuwa na mhudumu mmoja na mashine yake. Sasa hivi tuko wawili. Kila atakayekosa kufika kazini, kila atakayechelewa, ataingia kwenye orodha ya watakaopunguzwa.

Miaka yote hii sikuhitaji macho mle ndani kwa sababu kila kitu kilikaa mahali pake. Sasa kimoja kinatembea, na kinatembea chini. Naogopa.

10 Machi

Mwenzangu wa zamu tunamwita Kasuku. Bado hajafika arobaini, mikono myepesi, mdomo hauna breki. Ukimwachia siri asubuhi, wakati wa chai unaisikia kwa mlinzi wa geti. Namwogopa kuliko Bi Kidole.

Yeye ndiye aliyeipa mashine jina. "Anaingia bila hodi, anakula kila anachokikuta, akishiba anajikalia pembeni kwenye chaji, na hakuna wa kumwambia kitu. Huyu si mkwe?" Basi amekuwa Mkwe. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na matone ya asubuhi nayo yakatoka.

13 Machi

Nimegonga: Mkwe, mbele ya 304. Kushoto. Niliwahi ukuta.

14 Machi

Mkwe, bafuni 309. Kushoto.

Jumatatu, 16 Machi

Mkwe, mara mbili. Mara ya pili nilimpiga teke akaenda kugonga lifti. Kasuku akauliza, "Dada, leo umesajiliwa timu gani?" Nikacheka. Nikajitia kukunja foronya.

17 Machi

Leo nilijikaza kisabuni nikatoa mzaha. Nilimwambia Kasuku, "Mdogo wangu, mkwe asiyepiga hodi ni mwizi. Huyu afungwe njuga." Akanitazama kidogo, akacheka, akaenda kwenye droo ya funguo za zamani, zile za shaba za kabla ya kadi. Akazifunga sita kwa uzi nyuma ya Mkwe, zikawa zinaburuta. Sasa unamsikia tangu kwenye lifti, kirikiri, kirikiri, unajua yuko wapi na anaelekea wapi.

Bi Kidole alipita, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kasuku hajui amenifanyia nini. Kwake ilikuwa mchezo.

18 Machi

Sikugonga kitu.

19 Machi

Sikugonga kitu. Mvua kutwa.

24 Machi

Sikugonga kitu. Karibu nizoee kusema hivi.

Jumatatu, 30 Machi

Ilikuwa siku ya kliniki. Kuomba ruhusa lazima uandike sababu, na fomu inapita mezani kwa Bi Kidole. Nikiandika macho, nimejimaliza. Nikiandika homa, nimeingia kwenye orodha. Sikuandika kitu. Binti yangu nimemwambia daktari amesafiri. Aliniwekea matone, akashika kidevu changu kama nilivyokuwa nikimshika yeye nikimwogesha, akaniambia nisikonyeze.

Matone naweka kila siku. Hayo yanatosha.

8 Aprili

Fundi alirudi kusoma mashine. Tukaitwa ofisini kwa Bi Kidole, mimi na Kasuku. Fundi akalaza tableti mezani.

"Mkwe wenu anaandika," alisema. Hata yeye sasa anamwita hivyo. "Kila anapokuta vumbi jingi kwenye chumba ambacho mmeshasema ni tayari, anaweka alama nyekundu."

Ilikuwa ramani ya ghorofa, kila chumba kisanduku. Vyumba vya Kasuku vilikuwa na alama moja hapa, mbili pale. Vyangu vilikuwa vyeupe katikati, na kuzunguka kuta zote, chini kabisa, vyekundu. Kumi na kimoja, vyote hivyo hivyo. Picha ile niliijua. Ninayo nyumbani ndani ya bahasha ya hospitali, katikati peupe na pembeni peusi. Mashine ilikuwa imelichora jicho langu mara kumi na moja na kuliweka mezani kwa msimamizi, na wote watatu walikuwa wanalitazama.

"Huyu anafagia katikati tu," fundi alisema.

Bi Kidole aliinua macho. "Miaka kumi na tisa, leo ndiyo unaanza uvivu?"

Sijawahi kufurahi kutukanwa kama nilivyofurahi pale. Nikasema, "Ndiyo, bosi. Ni uvivu. Nitajirekebisha."

Kasuku, ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye dakika ya maombolezo, alinyamaza. Alinitazama mimi, akaitazama ramani, akanitazama tena. Nilitoka pale nikijua kwamba ameshika kitu.

Nimegonga: mlango wa ofisi, nikitoka. Kushoto.

9 Aprili

Sasa napiga magoti chumba kizima, nainamisha kichwa na kukigeuza kushoto ili nione chini ya ukuta. Shingo inauma. Chumba cha nusu saa kinachukua saa nzima.

11 Aprili

Kiti, 302. Kushoto. Kikapu cha taka, 302. Kushoto. Kilikuwa pale pale kinapokaa siku zote.

15 Aprili

Nimemkuta Kasuku anatoka 306 na kitambaa mkononi. 306 ni chumba changu. Alisema alikuwa anatafuta taulo. Nilipoingia, pembeni mwa kuta pote ni safi, na mimi nilikuwa sijafika.

Anakagua. Anakusanya ushahidi wa kunipeleka kwa Bi Kidole, kwa sababu mwezi wa sita mmoja wetu anabaki. Nami ningekuwa yeye, sijui ningefanya nini. Kikulacho ki nguoni mwako.

16 Aprili

Tena, 308. Mvua ilinguruma sana, sikumsikia akitoka. Nilimwona alipokuwa katikati ya korido tayari. Nikamsalimia, akaitikia, tukapishana kama wapangaji waliogombana.

21 Aprili

Bi Kidole amepitisha kidole pembeni mwa kuta za vyumba vinne vyangu. Kidole kilitoka cheupe. Akasema, "Umeona? Ukitaka unaweza." Chumba kimoja kati ya hivyo sikuwa nimekigusa.

Jumatatu, 27 Aprili

Siku ya kliniki. Sikwenda. Binti yangu ameuliza daktari huyu anasafiri safari gani zisizoisha. Nimemjibu kwa ukali, akaondoka kwenda darasani bila kumaliza chai. Kuna kitu nilitaka kumwambia kuhusu ngazi za nje, kwamba siku hizi nazihesabu. Sikumwambia.

Jumatatu, 4 Mei

Mgeni wa 315 amelalamika kelele. Bi Kidole akaagiza njuga zitolewe. Kasuku alibisha, mpaka nikashangaa kinachomchoma ni nini. "Bosi, huyu asiposikika atamwangusha mtu." Bi Kidole akamwambia watu wana macho. Kasuku akachukua mkasi akakata uzi, akaziweka funguo mfukoni.

Korido imekuwa kimya. Leo nimetembea ubavu ubavu, nikivuta mguu wa kushoto sakafuni.

5 Mei

Mkwe, mara tatu. Kushoto, kushoto, na mara moja mbele.

Jumatano, 6 Mei

Naandika nikiwa jikoni, binti yangu hajarudi.

Kuna sheria kwamba kabla Mkwe hajaachiwa korido, aliye zamu anaweka kibao cha njano cha tahadhari. Leo ilikuwa zamu ya Kasuku. Kama saa tano asubuhi nilitoka stoo nikisukuma toroli lililojaa shuka. Nilipofika karibu na lifti gurudumu la kushoto lilipanda kitu, kikalia kwa!, kama hanga ya plastiki. Sikusimama. Hanga huanguka kila siku.

311 anakaa mwalimu mstaafu, mama mtu mzima anayetembea na mkongojo. Huja kila msimu wa mvua kwa sababu hoteli inakuwa tulivu, na mimi ndiye ninayemtandikia tangu alipokuwa anatembea bila mkongojo. Alikuwa anatoka mlangoni. Niliacha toroli, nikaenda kumshikia mlango. Nilimwona uso, nikatabasamu. Nikashusha mguu wa kushoto, na sakafu ikakimbia.

Nilimkanyaga Mkwe katikati. Nilianguka mzima mzima juu ya yule mama, na mkono wake ulikuwa chini yetu sote wawili. Nilisikia mfupa. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, na aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hukukiona?"

Nikasema, "Sikukiona."

Hakuna mwingine aliyesikia. Watu walikuja, gari likaja, akapelekwa hospitali. Mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja. Na Mkwe, wakati wote huo, alikuwa anageuka na kurudi, anageuka na kurudi, akijaribu kupita kwenye miguu ya watu afagie pale tulipoangukia, mpaka fundi alipoitwa akamzima.

Alhamisi, 7 Mei

Bi Kidole amekikuta kibao cha njano chini ya toroli, kimejikunja kwenye gurudumu. Vibao huning'inia kwenye toroli vikiwa havitumiki. Kwa hiyo amepiga hesabu yake, kwamba Kasuku hakukiweka, alikuwa anapiga soga kama kawaida yake, kibao kikaanguka chenyewe. Amemwita mbele yetu wote. Amemwambia kesho arudishe sare na kadi ya milango.

Nilikuwa pale. Nilisikia tena ile kwa! kichwani, nikajua ni nini kilicholia. Nikatazama shuka. Sikusema kitu, na hili nimeliandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Tulibaki wawili stoo, tukikunja foronya. Nilingoja apige kelele, amlaani Bi Kidole, autukane ukoo wake mzima. Alikunja foronya tano kimya kimya.

"Nilikiweka, dada," akasema. "Naapa nilikiweka. Pale karibu na lifti, upande wa kushoto." Akaishia hapo. Mikono yake ikatulia. "Ningekiweka kulia. Nilisahau."

Nilikaa juu ya furushi la mataulo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu njuga. Mtu hatanii hivyo huku midomo inamtetemeka. Halafu ile ramani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho hayo hayo, kila siku tunamwokota."

"Na 306?"

"Nilikuwa nafuta pembeni kabla kidole hakijapita. Ulifikiri natafuta nini, taulo?"

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ulikuwa unanikimbia kama mtu anayedaiwa. Ningekwambia ungeacha kunipa hata hiyo salamu." Kisha akajaribu kucheka. "Mimi Kasuku, sawa. Lakini kasuku naye ana siku yake ya kulala."

Ana watoto wawili na mama mgonjwa, na kesho anarudisha sare. Hakuniomba niseme. Angeomba, labda ningekasirika, na ingekuwa rahisi.

Ijumaa, 8 Mei

Saa mbili kasorobo, benchi la nje ya ofisi. Daftari liko mapajani. Mama yangu alipenda kusema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Msimu mzima nimejikwaa vidole ili ulimi usijikwae, na mwisho wake nimemvunja mtu mkono na mwingine namfukuzisha kazi. Naogopa. Naingia.

Baadaye, nyumbani.

Nilimpa daftari lote, nikamwambia asome. Nilitaka asome ya tarehe sita na saba tu, lakini yeye ni mtu wa kukagua. Alianza ukurasa wa kwanza. Nilisimama. Mvua ilikuwa inapiga dirisha, naye anasoma huku kidole kikifuata mistari.

Alifika Machi 9 akasimama. "Bi Kidole ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, bosi."

Akakitazama kidole chake, kilichokuwa juu ya karatasi, akaendelea kusoma. Alisoma mpaka mwisho. Mtu hupata muda wa kuzeeka.

"Kibao ulikikanyaga wewe."

"Mimi, bosi. Yeye alikiweka."

"Na wewe jana uliniacha nimfukuze."

"Ndiyo."

Alilifunga daftari. Akasema, "Uvivu ningejua nikufanye nini. Hili silijui." Alimwita Kasuku akamwambia avae sare yake arudi ghorofani. Mimi akaniambia nitundike aproni, nikae nyumbani mpaka nilete barua ya daktari, na kwamba hawezi kuniahidi kitu, kwa sababu mtu asiyeona miguuni pake hawezi kumrudisha kwenye vyumba. Alilisema bila hasira. Nilitaka awe na hasira.

Nikiwa mlangoni akaniuliza, "Kliniki hukwenda mara mbili. Ni kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya orodha, bosi."

Alikuja na daftari. Kabla hajanipa alisita kidogo, akalihamishia mkono mwingine, akaninyooshea upande wa kulia.

Kasuku alinisindikiza mpaka getini. Alinitia kitu mfukoni. Funguo sita za shaba, uzi wake bado upo. "Zifunge kwenye miguu ya huyo binti yako," akasema, "anatembea kama paka." Nikacheka njia nzima, huku nalia.

Nimegonga: hakuna. Alinishika mkono wa kushoto.

Jumamosi, 9 Mei

Mvua imekatika. Siku ya kwanza ya kukaa nyumbani. Nilisema nitapumzika, hapa ndani hakuna kitakachonigonga.

Nimegonga: kigoda cha jikoni. Nilikinunua mwenyewe, kiko pale kando ya jiko mwaka wa sita sasa. Hakijahama. Nimempigia kelele binti yangu kwamba amekihamisha, akaja akasimama, akaniambia taratibu, "Mama, kiko palepale." Nimepapasa kwa mkono. Alama za miguu ya kigoda zipo sakafuni, nacho kimekaa juu yake.

Kilikuwa upande wa kulia.

Nimemkalisha chini nikamwambia yote, tangu daktari ambaye hakusafiri. Hakunigombeza. Alisimama akachukua bahasha ya hospitali na mwavuli, akasema kliniki ni Jumatatu, ataniamsha mapema.

Nimemwambia hapana, twende leo. Hospitali haifungwi, kama kuna daktari mmoja tu tutamngoja huyo huyo. Anafunga mlango sasa. Ananingoja nimalize mstari huu, na mkono wake uko begani kwangu, upande wa kulia.